Warsha ya Mafuta Shela: Biriani Nzuri, Hesabu Pungufu

Mwezi uliopita nilihudhuria warsha ya siku mbili iliyoandaliwa na kampuni moja ya mafuta katika ukumbi wa hoteli upande wa Shela, hapa kwetu Lamu. Tulialikwa watu wapatao 40 kutoka Amu, Matondoni, Kipungani na Mokowe, wengi wao wavuvi na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fuo, na barua ya mwaliko ilisema kwamba tungefundishwa jinsi jamii inavyopaswa kujiandaa iwapo mafuta yatamwagika baharini. Kampuni siitaji kwa jina, kwanza kwa sababu haijamwaga hata tone moja katika maji yetu, na pili kwa sababu niliyoyaona pale hayakuwa yake peke yake. Ni ufundi uliokwisha komaa katika bahari za watu wengine, nasi tuliletewa kionjo chake. Kwa kuwa warsha hii inatarajiwa kuzungushwa visiwani, naona ni haki watakaoalikwa wajue wanakwenda kupokea nini. Nimeipa nyota mbili na nusu kati ya tano, na nyota moja nzima kati ya hizo ni ya mpishi.

Mimi mwenyewe si mvuvi. Nina duka la nyuzi, ndoana, maboya na nyavu huku Langoni, na nusu ya wateja wangu huchukua bidhaa kwa mkopo wakalipa bamvua likipita. Bahari ikifungwa kwa sababu yoyote ile, daftari langu la madeni litafungwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo nilikwenda nikiwa na haja ya kujua, si kwa ajili ya posho.

Kuhusu mapokezi sina lawama. Mashua iliondoka gatini saa mbili asubuhi kama ilivyoahidiwa, kila abiria alipewa jaketi la kuokolea, na vipindi vilipangwa vikazingatia nyakati za sala bila ya mtu kuomba. Chakula cha mchana siku ya kwanza kilikuwa biriani ya nguru, yenye masala yaliyokolea na wali uliochambuka punje kwa punje, pamoja na juisi ya ukwaju. Siku ya pili ilikuwa pilau, nayo haikuwa mbaya. Alasiri ililetwa kahawa chungu na halua. Aliyepanga upande huu wa shughuli anawajua watu wa Lamu, na alijua pia kwamba aliyeshiba vizuri huuliza maswali machache.

Kijitabu tulichogawiwa kina kurasa 24, kimechapishwa kwenye karatasi nzito inayong'aa, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha magazeti mengi. Hapo ndipo nilipokwama. Usiku wa siku ya kwanza nilikisoma chote nikiwa nimekaa barazani, nikagundua kwamba kimeandikwa karibu chote kwa kauli ya kutendeka. Bomba lilipasuka, mafuta yalimwagika, mikoko iliathirika, ndege walipotea. Kauli hii ni neema ya lugha yetu, maana humwezesha mtoto kumwambia mama yake kwamba kikombe kimevunjika, kana kwamba kikombe kiliamua chenyewe, lakini mama yeyote wa hapa atamrudishia papo hapo, "Kimevunjika, au umekivunja?" Katika kurasa zote 24 sikuona mahali ambapo mafuta yamemwagwa na mtu. Kinyume chake, panapokuja sifa mtenda hujitokeza mara moja: kampuni ilituma meli, kampuni ilisafisha fuo, kampuni ililipa, kampuni ilijenga madarasa. Sidhani mwandishi alikosea sarufi. Nadhani aliijua vizuri sana.

Mwezeshaji alikuwa kijana mstaarabu kutoka Nairobi, mwenye sauti nzuri na subira ya kutosha, na somo lake kubwa lilikuwa historia ya ajali za mafuta duniani. Slaidi ya kwanza ilihusu Alaska. Tuliambiwa kwamba usiku wa tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba, kwamba palikuwa na tatizo la nahodha, na kwamba kampuni ilitumia zaidi ya dola bilioni 2 kusafisha. Yote hayo ni kweli. Lakini nahodha huyo, ambaye habari za ulevi wake zilijaza magazeti kwa miezi, mwaka 1990 aliondolewa shitaka la ulevi na akapatikana na hatia ya uzembe peke yake. Kufikia wakati huo dunia nzima ilikuwa imekwisha kuamini kwamba lita zaidi ya milioni 40 za mafuta ghafi zilimwagika kwa sababu ya chupa ya mtu mmoja. Mkubwa wa kampuni, Lawrence Rawl, alikaa karibu wiki tatu kabla ya kukanyaga Alaska, na alitanguliza tangazo la kuomba radhi lililojaza ukurasa mzima wa magazeti, siku kumi baada ya ajali. Fuo zilipoanza kusafishwa, mawe yalioshwa kwa maji ya moto yenye nguvu kubwa, jambo lililopendeza sana katika picha, ila wanasayansi walikuja kubaini kwamba maji yale yaliua viumbe wengi waliokuwa wamenusurika na mafuta yenyewe.

Kuna kipande cha habari hiyo ambacho mtu wa Lamu angekipenda, na slaidi haikuwa nacho. Meli ile haikutupwa. Ilitengenezwa, ikapewa jina la Exxon Mediterranean, halafu SeaRiver Mediterranean, ikaendelea kubadilishiwa majina na wamiliki, na ilipofika ufuo wa Alang nchini India mwaka 2012 kukatwakatwa vyuma ilikuwa ikiitwa Oriental Nicety. Hapa kwetu jahazi likiuzwa huweza kupewa jina jipya likapakwa na rangi, lakini wazee gatini hulijua kwa mkuku wake, na hulitaja kwa jina la kale hata mbele ya mwenyewe. Huko kwenye kesi nako palikuwa na mabadiliko: baraza la mahakama lilipitisha dola bilioni 5 za adhabu mwaka 1994, kampuni ikakata rufaa baada ya rufaa, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ikazishusha hadi dola milioni 507.5. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu usiku wa ajali, na miongoni mwa wadai walikuwamo waliokwisha fariki. Nilipomwuliza mwezeshaji kwa nini hili halimo, alisema muda hautoshi. Ndiyo, tulikuwa tumetumia dakika 20 kuitazama filamu fupi ya kasa wakirudishwa baharini.

Slaidi za Ghuba ya Mexico zilikuwa nyingi zaidi, na ndizo zilizonifanya nianze kuandika. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon, uliokuwa ukichimba kwa niaba ya kampuni ya mafuta ya BP, ulilipuka, wafanyakazi 11 wakafa, na kisima kikatema mafuta kwa siku 87. Mwezeshaji alilitumia tukio hili kutufundisha alichokiita makosa ya mawasiliano. Alimsimulia mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Tony Hayward, aliyesema kwamba ghuba ni bahari kubwa sana na mafuta yaliyoingia ni kidogo mno yakilinganishwa nayo, kisha mwishoni mwa Mei akawaambia waandishi kwamba anatamani maisha yake yamrudie, na mnamo Juni, kisima bado kinatema, akaonekana kwenye mashindano ya mashua za tanga huko Uingereza. Ukumbi ulicheka. Mwezeshaji naye alicheka, akasema kwamba siku hizi viongozi hupewa mafunzo wasiseme maneno kama hayo.

Nilitafakari jawabu hilo njia nzima ya kurudi Amu. Mafunzo waliyopewa viongozi baada ya mwaka 2010 yanawazuia kusema. Hayazuii kisima kulipuka. Na kosa lililowagharimu watu wa ghuba ile halikuwa la ulimi wa mtu mmoja, lilikuwa la hesabu. Siku za mwanzo ilitangazwa kwamba kisima kinatoa mapipa 1,000 kwa siku. Siku chache baadaye serikali ikasema ni 5,000. Mwanzoni mwa Agosti, kisima kikiwa kimekwisha zibwa, wataalamu wa serikali walikadiria kwamba mwanzoni kilikuwa kikitoa mapipa 62,000 kwa siku. Asidhani msomaji kwamba hii ni tofauti ya wasomi. Sheria ya Marekani ya kulinda maji hutoza faini kwa kila pipa lililoingia baharini, kwa hiyo kila pipa linalofutwa kwenye karatasi ni dola zinazobaki mfukoni. Mwaka 2012 BP ilikubali kulipa dola milioni 525 kwa wasimamizi wa soko la hisa kwa kuwapotosha wawekezaji juu ya kasi ya mafuta hayo. Mwaka 2015 hakimu aliamua kwamba kwa ajili ya faini yahesabiwe mapipa milioni 3.19, wakati serikali ilikuwa inadai milioni moja zaidi ya hapo. Wakati kisima kikitema, kampuni hiyo ililipia maneno ya kutafutia katika intaneti, ili anayeandika habari za kumwagika kwa mafuta akutane kwanza na ukurasa wake, na mwezi Julai ilikiri kwamba picha ya chumba cha kuongozea kazi iliyowekwa kwenye tovuti yake ilikuwa imechezewa, skrini zilizokuwa tupu zikajazwa picha. Hayo ya skrini ni madogo. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kiasi cha bidii iliyotumika kwenye kuonekana.

Sasa nifike kwenye beseni. Siku ya pili asubuhi mwezeshaji aliweka beseni la plastiki jeupe mezani, akalijaza maji ya chumvi, akamimina vijiko viwili vya oili chafu ya injini. Oili ikatandaa ikang'aa rangi za upinde wa mvua. Kisha akadondosha dawa kutoka kwenye kichupa kidogo, akakoroga kwa mwiko wa mbao, na baada ya muda mfupi uso wa maji ukawa mweupe, hauna utando wala rangi. Watu walipiga makofi, nami nilipiga. Ni onyesho zuri, na wa kiti cha nyuma huona kama muujiza.

Mzee mmoja wa Matondoni, fundi wa mashua ambaye nadhani amezidi miaka 70, aliinuka akaenda mpaka mezani.

"Mwanangu," alisema, "yamekwenda wapi?"

"Yametawanyika, mzee wangu."

"Yametawanyika, hilo nimeliona. Nauliza yamekwenda wapi."

Mwezeshaji alieleza kwamba dawa huyagawa mafuta kuwa matone madogo sana ambayo vijidudu vya baharini huyala kwa urahisi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akatoa kitambaa chake cheupe cha kufutia jasho, akakiingiza katikati ya maji pasipogusa chini, akakitoa. Kilikuwa na rangi ya chai iliyokaa. Akakikamua taratibu juu ya beseni, akakikunja, akarudi kukaa bila ya kusema neno, na kwa muda kitambo ukumbi ulikuwa kimya isipokuwa mashine ya upepo.

Sitaki kumdhulumu mwezeshaji. Dawa hizi zina matumizi yake: utando wa juu ndio unaowaua ndege na ndio unaofika kwenye mikoko, na kuuvunja ukiwa bado mbali huweza kuokoa ufuo. Lakini mafuta hayatoweki papo hapo, hushuka mahali ambapo mayai ya samaki na vifaranga vya kamba hukaa, na kamera haiendi huko. Katika Ghuba ya Mexico zilitumika takriban lita milioni 7 za dawa hizo, nyingine zikapulizwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kisima, kina cha karibu mita 1,500. Ningetaka warsha iseme pande zote mbili kisha ituachie sisi tupime kama tunataka kulinda mwonekano wa juu au mazalia ya chini. Onyesho la beseni linasema upande mmoja tu, tena linausema kwa makofi.

Jambo lililonishangaza zaidi ni lile ambalo halikuwamo kabisa. Katika slaidi zote za mwezeshaji, zenye mifano kutoka Alaska, kwingineko Marekani na Ulaya, Afrika haikutajwa hata mara moja. Niliuliza kuhusu Bodo, kule Ogoni katika eneo la Niger Delta nchini Nigeria, na nikajibiwa kwamba kila nchi ina mazingira yake. Mazingira ya Bodo ndiyo yanayofanana na yetu kuliko yote: vijito vya maji ya chumvi, mikoko, chaza na wavuvi wa mitumbwi. Mwaka 2008 bomba la Shell lilivuja huko mara mbili, kwa wiki kadhaa kila mara. Fomu rasmi ya uchunguzi, iliyoandikwa kwa kutegemea vipimo vya kampuni, ilisema mapipa 1,640 kwa uvujaji wa kwanza. Hesabu huru iliyofanywa kwa ajili ya shirika la Amnesty International ilipata zaidi ya 100,000. Mwaka 2009 watu wa kijiji waliletewa msaada: magunia 50 ya mchele, maharage, sukari, nyanya za mkebe na vitu vya jikoni. Kesi ilipofika London, kampuni ilikiri mwezi Novemba 2014 kwamba makadirio yake yalikuwa ya chini, na Januari 2015 ikakubali kulipa pauni milioni 55, ambapo milioni 35 ziligawiwa watu wapatao 15,600 na zilizobaki zikaenda kwa jamii. Kutoka magunia 50 ya mchele hadi pauni milioni 55, mafuta ni yale yale na mikoko ni ile ile. Kilichobadilika ni aliyeshika kipimo. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2011 ilikuwa imekwisha kusema kwamba kuirudisha Ogoni katika hali yake kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30.

Basi nikauliza swali langu moja, ambalo ndilo nililotaka kulijua tangu nilipopanda mashua: yakimwagika hapa kwetu, ni nani atakayepima mapipa? Mwezeshaji alisema kampuni itatoa taarifa kwa mamlaka husika kwa wakati. Nikamwuliza mamlaka husika itapima kwa chombo gani. Akaliandika swali ubaoni, kwenye sehemu waliyoiita maegesho ya maswali, na mpaka tunapanda mashua siku ya pili lilikuwa lingali limeegeshwa.

Kipindi cha fidia kilikuwa na manufaa, ingawa si yale waliyoyakusudia. Tulionyeshwa fomu ya madai ya mfano, nayo inamtaka mvuvi aambatanishe risiti za mauzo ya miaka mitatu. Kicheko kilichopita ukumbini sitakieleza. Ni mvuvi gani wa Kizingitini anayeuza pweza wake kwa risiti? Hili nalo lilitokea Marekani: BP iliweka mfuko wa dola bilioni 20 uliosimamiwa na mwanasheria Kenneth Feinberg, na wavuvi waliozoea kuuza kwa fedha taslimu walihangaika kuthibitisha walichokuwa wakipata. Kwa waliochoka kungoja palikuwa na malipo ya haraka, dola 5,000 kwa mtu na dola 25,000 kwa biashara, kwa sharti la kutia saini kwamba hawatashtaki tena. Mwenye mtoto wa kulipiwa ada na mashua iliyokaa nchi kavu miezi saba, mwambie akatae. Tangu niliporudi nimeongeza safu mbili katika daftari langu la mikopo: kilo alizovua mteja na bei aliyouzia, kwa kila safari anayonieleza. Wengine wananiona nimekuwa mpelelezi. Nimewaambia kwamba siku ikifika daftari hili ndilo litakalokuwa risiti yao.

Nyota ninazotoa kwa moyo mweupe ni za kipindi cha mikoko, kilichoongozwa na binti mmoja mtaalamu wa bahari. Hakutumia filamu. Alileta mizizi ya mkoko iliyokatwa, akatuonyesha vitundu vidogo ambavyo mti hupumulia, akapaka mafuta mazito kwenye mzizi mmoja mpaka vitundu vikapotea machoni, akasema kwamba mti hauuawi na sumu peke yake bali hukosa pumzi pia, na kwamba mafuta yakiingia kwenye tope huweza kukaa miongo ya miaka. Alijua kwamba zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Alijua pia pepo zetu: Kusi likivuma, kilichomwagika Mombasa au Malindi huelekea kwetu, na hakuna atakayetupigia simu kabla hakijafika. Alitufundisha kufunga maboya ya kuzuia mafuta kwenye mdomo wa mkondo, kuyaweka kwa mshazari badala ya kuyakinga moja kwa moja na maji yanayojaa, na akatusimulia watu wa Mauritius ambao mwezi Agosti 2020, meli ya Wakashio ilipoanza kuvuja karibu tani 1,000 za mafuta kwenye miamba yao, walishona maboya kwa majani makavu ya miwa na nguo kuukuu, ilhali serikali ikiwataka waiachie kazi hiyo. Ile haikuwa hata meli ya kubeba mafuta. Ni mafuta ya injini yake yenyewe. Meli za namna hiyo zinatia nanga Magogoni tangu gati la kwanza la bandari yetu lilipofunguliwa mwezi Mei 2021, bomba la zaidi ya kilomita 800 kutoka Turkana lijengwe au lisijengwe. Binti yule alipewa dakika 50 tu. Laiti angepewa siku zote mbili, ningempa nyota tano na nisingeandika mengine.

Limebaki la saini, na hapa nawaomba watakaoalikwa wawe macho. Siku ya pili saa kumi, mashua ikiwa imekwisha washwa, tulipangwa mstari kupokea bahasha yenye posho ya shilingi 2,000. Karatasi ya kutia saini ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mahudhurio. Ya pili, ambayo ilikunjwa nyuma ili pabaki mahali pa saini tu, ilisema kwa herufi ndogo kwamba aliyetia saini anathibitisha kuwa ameshirikishwa na ametoa maoni yake kuhusu mpango wa kampuni wa kukabiliana na dharura. Mpango wenyewe hatukuonyeshwa. Nilimwambia msichana wa mezani kwamba mimi nimehudhuria, sikushirikishwa. Alitabasamu kwa adabu, akasema, "Ami, ni utaratibu tu." Nilijua si yeye aliyeiandika, nikamwomba kalamu, nikaandika kando ya jina langu: nimehudhuria, mpango sijauona. Walionifuata wawili au watatu waliandika hivyo hivyo. Waliotangulia walikuwa wamekwisha panda mashua.

Sisi tunajua thamani ya karatasi kama hiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari, na moja ya hoja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Anayekuja kujenga au kuchimba baada ya hukumu ile amekwisha kuisoma. Orodha ya majina 40 yenye saini, iliyopatikana kwa sahani ya biriani na nauli, ni bei nafuu sana ukiilinganisha na bilioni.

Warsha itarudiwa Kizingitini Kusi likitulia, nasikia pia itafika Faza. Chakula, kwa jinsi nilivyoelezwa, kitapikwa na mpishi yule yule. Anayekwenda aende na miwani ya kusomea, aifunue karatasi ya pili kabla ya kupokea bahasha, na kama ana kitambaa cheupe asikisahau nyumbani.